Mirija ya Kurefusha Lenzi kwa Picha za Airisi: Kipande Kifupi Ndicho Chenye Kazi

Seti huja na vipande vitatu, vya milimita 13, 21 na 31. Ndani hamna kioo. Kazi yake ni kuisogeza lenzi mbali na kamera ili ulikaribie ua zaidi. Tathmini hii ni ya lenzi ya milimita 50 kwenye kamera yenye sensa ya upana wa milimita 22, kwa zile airisi, maua ya jenasi Dietes, zinazopandwa kando ya vijia vya bustani, Nakuru na Kisumu.

Ile nyeupe kubwa yenye zambarau katikati, Dietes grandiflora, hufika upana wa sentimita 7 hadi 10. Kupiga ua zima hakuhitaji mrija wowote. Kipande cha 13 kinafaa Dietes iridioides, ndogo yake na mwenyeji wa Kenya, au michirizi ya manjano tu ya ile kubwa. Cha 21 kinatosha kwa doa jeusijeusi la Dietes bicolor. Ukiunganisha vyote vitatu, fremu inabaki na upana wa milimita 17 hivi, lenzi inakaribia kugusa ua, kivuli chake kinaliangukia, na pumzi ya upepo inalitoa ua nje ya picha. Sifa ya kwenye boksi, basi.

Mwanga nao hupungua: kwa kipande cha 31 unahitaji zaidi ya mara mbili na nusu. Anza na f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), shata 1/250 ya sekunde, halafu pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Punguza mwanga theluthi mbili ya stopu (stopu moja ni nusu ya mwanga), la sivyo petali nyeupe zinaungua na mishipa yake haionekani. Fokasi iweke kwa mkono, kwenye ncha za zambarau. Usogeze mwili mbele na nyuma badala ya kuzungusha pete ya fokasi.

Kisumu, nenda asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaamka. Bicolor na iridioides hudumu siku moja tu, kwa hiyo la jioni limeshanyauka.

Usinunue seti isiyo na vidoti vya shaba vya umeme, hata ikiwa bei ni ya kutupa. Kamera haitaweza kufunga tundu la lenzi, na kwa f/1.8, tundu likiwa wazi kabisa, utapata ncha moja kali na ukungu mtupu. Kagua pia shingo ya kufungia lenzi: ya plastiki hulegea lenzi ikiwa nzito.