Jina lako halisi au jina la kubuni?

Nimeshaandika stori kwa majina yote mawili kwa hiyo naongea nikijua. Ukitumia jina lako halisi unaanza na mtaji, maana uliosoma nao na ndugu wote wanakuja kulaiki sehemu ya kwanza, shida wengi hawasomi, wanapongeza tu, alafu siku ukiandika mume anachepuka shangazi anapiga simu kuuliza kama nyumbani kwako kuko salama (ilinitokea, nikafuta ukurasa mzima kama mjinga).

La kubuni linakupa uhuru ila unaanza sifuri kabisa, hakuna anayekujua, kila posti ijitetee yenyewe. Faida yake kubwa ni kutenganisha ladha, mahaba jina moja, majini na vitisho jina jingine, msomaji akiliona tu anajua anachokuja kukuta. Hata J.K. Rowling, yule mwandishi wa Harry Potter, mwaka 2013 alitoa riwaya ya upelelezi kama Robert Galbraith, miezi michache tu siri ikavuja na mauzo yakapaa. Kitabu kilekile jamani! Kwa hiyo usiri wa milele usiutegemee.

Na kabla hujalipenda jina lisachi kwanza, la kwangu la mwanzo nilikuta kuna mchungaji analitumia, na mimi naandika mambo ya chumbani 😅

Anayeanza ningemwambia achukue la kubuni, ila moja tu, picha ileile na tahajia ileile kila akaunti. Mi nilibadilisha mara tatu na kila mara nusu ya wasomaji walinipotea njiani.