TAHADHARI: Jamaa wa "seti kamili" ya rekoda na skrini ya glaida, anasema yuko Kisumu

Wasee wa glaida, zile ndege zisizo na injini, na nyinyi wa paraglaida mnaorukia Iten, kuna jamaa anazungusha tangazo la seti: rekoda ya GPS ya mtumba (ile inayohifadhi njia uliyoruka), simu kubwa iliyowekwa XCSoar (programu ya ramani ya kurukia), na waya ya kuunganisha hizo mbili, yote 38,000, anasema yuko Kisumu na atakutumia kwa matatu ukishalipa. Usilipe. Mimi ni fundi wa elektroniki hapa Nakuru, seti zake zimepita mezani kwangu na ya mwisho ililetwa simu ikiwa imeshakufa, kwa hivyo nikiandika kwa ukali kidogo mnivumilie.

Ujanja wote uko kwa video. Ukimuuliza kama inafanya kazi anakutumia video safi kabisa, taa ya rekoda inawaka, waya imechomekwa, ramani kwa simu inatembea vile yeye anatembea, mpaka ziwa unaliona hapo kando, na mtu akishaona hivyo anasema basi imeshika, natuma pesa. Haijashika! Simu yenyewe ina GPS ndani na XCSoar inaitumia bila shida, hiyo ramani ingetembea hata kama kwa ile waya kungefungwa kipande cha sabuni. Mwambie mpigiane simu ya video, azime rekoda ukiona. Ramani ikiendelea kutembea unaonyeshwa GPS ya simu, hakuna kingine. Mteja wangu mmoja alimwambia hivyo, ghafla netwaki ikawa mbaya, halafu akablokiwa.

Sasa hiyo waya. Nimeipasua nikaona na macho yangu. Upande mmoja ni plagi ya RJ45, ile ya kebo ya intaneti, upande wa pili ni USB ya simu. Katikati inafaa kuwe na kisakiti cha kugeuza, maana rekoda nyingi zinatoa data kwa RS-232, aina ya zamani ya kuunganisha vifaa, ambayo volti zake zinaweza kupanda hadi 15 na kushuka hadi hasi 15, na USB ni kitu cha volti 5. Ndani ya ile plastiki nyeusi hakukuwa na sakiti yoyote. Nyaya zimesokotwa kwa vidole, risasi ya kulehemu hata tone hakuna, juu yake selotepu. Na hiyo si ndiyo mbaya. Kwa soketi iliyopangwa kama ya FLARM, kile kifaa cha kuonya glaida zisigongane angani, pini 1 na 2 ndizo za umeme, volti 12 za betri ya glaida, na huyu mtu amezipeleka moja kwa moja kwa ule waya mwekundu wa USB, yaani mahali simu inangojea 5 unaisukumia 12. Nilinusa tu ile simu nikajua kabla sijafungua mfuniko.

Na mjue si rekoda zote zimepanga pini hivyo, watengenezaji wengine wanatumia soketi inayofanana kabisa lakini ndani mpangilio ni wao, kwa hivyo mtu anayekuuzia waya bila hata kuuliza rekoda yako ni ya aina gani anakubahatisha na mali yako. Pima kila pini na mita kwanza. Dakika tano.

Ukimpigia kulalamika ndio anakukamua mara ya pili. Atakwambia skrini haishiki kwa sababu leseni ya XCSoar haijafunguliwa, tuma 6,500 upewe kodi (code) ya kuifungua mwaka mzima. Leseni gani?? XCSoar ni ya bure, ni programu huria, leseni yake ya GPL inakuruhusu kuitumia bila malipo, unaishusha mwenyewe kwa simu ya Android na hakuna kodi ya kufungua kitu. LK8000, programu nyingine kama hiyo, pia ni bure. Kama waya yako ni nzuri na bado skrini haioni rekoda, mara nyingi ni spidi za kutuma data hazilingani, rekoda inatuma kwa 4800 na wewe umeweka 19200, ingia pale kwa vifaa ndani ya XCSoar uchague mlango (port), spidi na draiva ya rekoda yako, zile sentensi za $GPRMC na $GPGGA, yaani mistari ya data ya GPS, zikianza kuingia umemaliza, na hujalipa mtu.

Rekoda nazo anaandika "approved na IGC", yaani tume ya glaida ya FAI, shirikisho la michezo ya angani duniani. Modeli inaweza kuwa iko kwa orodha kweli, lakini hiyo aliyokuuzia ishafunguliwa. Hizi vitu zina swichi ndogo ya usalama ndani, kasha likifunguliwa ule ufunguo wa siri wa kusaini faili unapotea, na rekoda inaendelea kurekodi kama kawaida, ndio maana hushtuki. Faili linatoka, ramani unaiona, halafu likipimwa na VALI, programu ya kukagua saini ya faili, linakataliwa. Fikiria mtu wa klabu ya glaida ya Mweiga anatafuta beji ya Silver ya FAI, amepambana akapata zile kilomita 50 zake, alafu anaambiwa saini ya faili haifai. Kabla ya kununua omba faili moja la safari (la IGC) la juzi, lifungue kama maandishi ya kawaida, angalia mstari wa HFDTE ambao ndio tarehe. Ukiona imerudi nyuma karibu miaka 20, hiyo GPS ni ya zamani na imepigwa na ile hesabu ya GPS ya wiki 1024, ambayo ikijaa inaanza upya kama ilivyofanya Aprili 2019. Huyu jamaa akiombwa faili anatuma skrinishoti.

Kama umeshatuma pesa kwa namba ya mtu, forwadi meseji ya M-Pesa kwa 456 saa hiyo hiyo kabla hajatoa, halafu nenda stesheni uandikishe OB, na usifute chati hata kama zinakuudhi. Namba anabadilisha, jina pia, sasa nasikia anasema yuko Eldoret, nafikiri ni kwa sababu mwezi wa kwanza wageni wanajaa Iten.

Mwenye waya yake na hajaichomeka bado, asiichomeke. Alete hapa Nakuru nipime, sitozi.