Kununua upinde wa kampaundi ukiwa Tabora: pima mkono wako kwanza, spidi baadaye

Upinde wangu wa kwanza wa kampaundi ulikuja Tabora kwa basi umefungwa maboksi na solotepu, na ndani ya wiki mbili ulishaniumiza bega. Aliyeniuzia alisema "kaka huu ndio wa mwanaume, paundi 70" na mi nikaona sawa, sikuuliza kitu. Kumbe hata ukiulegeza mpaka mwisho unashuka hadi paundi 60 tu, na paundi 60 ni kama kilo 27, yani ndoo ya lita 20 iliyojaa maji na kilo saba juu yake, alafu unavuta kwa mkono mmoja huku mwingine umeunyoosha mbele. Ndo maana naandika hivi, kwasababu watu bado wananunua kwa kuangalia spidi na rangi, wakati kitu kinachoamua kama utafurahia upinde au utautundika ukutani ni mambo mawili: unakutosha mwilini au la, na ukiharibika nani atautengeneza hapa kwetu.

Tuelewane kwanza upinde wenyewe ukoje. Aliyeutengeneza ni Mmarekani wa Missouri, Holless Wilbur Allen, akapata hataza yake mwaka 1969. Kwenye ncha za upinde aliweka makapi, yani vigurudumu vya kupitishia kamba, siku hizi wanayaita kemu, na hayo ndo yanafanya maajabu: unavuta uzito wote pale katikati, ukifika mwisho kapi linageuka na uzito unashuka ghafla kwa asilimia 70, 80, mingine hadi 90. Chukua wa paundi 60 unaopunguza asilimia 80, ukishafika mwisho unabaki umeshika paundi 12 tu, sawa na dumu la lita tano la mafuta. Ndo unapata muda wa kutulia na kulenga bila mkono kutetemeka. Upinde wa mbao wa kina babu hauna hiyo, kadri unavyovuta ndo unazidi kuwa mzito.

Ila sasa kampaundi ina ukuta. Ukifika urefu wake haivutiki tena hata inchi, kwa hiyo usipokutosha haukutoshi. Simama ukutani, nyoosha mikono yote pembeni, mtu apime toka ncha ya kidole cha kati cha huku hadi cha kule, kwa inchi, ugawe kwa 2.5. Mi nina sentimita 178 ambazo ni inchi 70, jibu ni 28, huo ndo urefu wangu wa kuvuta, basi natafuta upinde unaovutika hadi inchi 28. Ukivutika kupita urefu wako utajikunja mgongo kwa nyuma na uzi utakuchapa mkono wa kushoto mpaka uvimbe. Na jicho pia, wengi hawalijui hili: fungua macho yote mawili, lenga kitu cha mbali kwa kidole, fumba moja moja, jicho lililobaki wazi na kidole hakihami ndo lenye nguvu. Kama ni la kushoto nunua upinde wa kushoto hata kama unaandika kwa kulia. Kuuza wa kulia baadaye ni kazi sana huku.

Haya, nipange sasa.

Namba moja kwangu ni pinde zinazorekebishika kwa upana bila mashine. Diamond Infinite Edge Pro inaanzia paundi 5 hadi 70 na urefu wa kuvuta inchi 13 hadi 31, Bear Cruzer G2 ni paundi 5 hadi 70 na inchi 12 hadi 30. Maana yake upinde mmoja unatumika na wewe, mke wako na kijana wa darasa la tano, na unaubadilisha mwenyewe kwa alenki. Pinde nyingi nyingine ukitaka kubadilisha kitu cha maana lazima zibanwe kwenye mashine maalum wanayoita presi, na mimi hapa Tabora sijaona fundi mwenye presi, kwa hiyo utaurudisha Dar au utaanza kubana kienyeji na hapo unahatarisha uso wako. Bei huko Marekani zilikuwa kwenye dola 350 hadi 450 ukiwa na vifaa vyake vya kuanzia, usafiri na kodi juu yako. Angalizo moja: alenki za mafundi wetu wa bodaboda ni za milimita, hizi pinde za Kimarekani ni za inchi, ukilazimisha unaila tundu la bolti na hapo umekwisha. Agiza seti yake kabisa.

Namba mbili itawashangaza kwasababu sio kampaundi. Ni rikavu, upinde wa kawaida wenye ncha zilizopinda kwenda mbele, ya kufungua vipande vitatu, mfano Samick Sage, upinde wenyewe una urefu wa inchi 62, na mikono yake, yani vile vipande vya juu na chini vinavyopinda, inauzwa ya kuanzia paundi 25 hadi 60. Naiweka juu ya kampaundi nyingi kwasababu haina kapi wala kebo, uzi ukikatika unavisha mwingine mwenyewe jioni hiyohiyo, mkono ukipasuka unanunua mkono sio upinde mzima. Ukiwa na bajeti ndogo anzia hapa na paundi 25 au 30, ujifunze mkao.

Genesis naipa namba tatu, ila kama unanunua kwa ajili ya shule au watoto ipande iwe ya kwanza. Inavuta paundi 10 hadi 20 tu, haipunguzi uzito mwishoni na haina ukuta, kwa hiyo inamtosha mtoto anayevuta inchi 15 na mtu mzima anayevuta inchi 30 bila kugusa skrubu. Ndo inayotumika kwenye mpango wa ulengaji shabaha mashuleni ulioanzia Kentucky mwaka 2002. Kwa kuwinda haifai, isahau.

Kampaundi za Kichina kama Junxing na Sanlida ni namba nne. Sizidharau, bei ni nzuri na nyingine zinarusha vizuri kabisa, shida ni ukitafuta kebo ya modeli ileile baada ya miaka miwili. Ukiamua, nunua uzi na kebo za akiba siku hiyohiyo.

Za bei kubwa, Mathews na Hoyt za juu, zinavuka dola 1,000 kabla hujaweka saiti (kifaa cha kulengea) wala mshale, na nyingi zinahitaji presi. Kwa anayeanza akiwa Tabora hapana. Mtumba ndo wa mwisho kabisa. Ukiuona mtumba pitisha kipande cha pamba taratibu kwenye mikono yote ya upinde, pamba ikinasa ujue kuna ufa, achana nao hata wakikupa bure.

Sasa hela usimalizie kwenye upinde. Mishale ndo usalama wako, uzito wake usiwe chini ya greini 5 (greini ni kipimo kidogo cha uzito wa mishale) kwa kila paundi ya upinde, yani upinde wa 60 mshale wa greini 300 kwenda juu. Ugumu wa mshale unaandikwa kwa namba na namba ikiwa ndogo mshale ni mgumu zaidi, mimi kwa paundi 45 natumia 500, ukiwa 60 angalia 400. Mishale ya mbao usiweke kwenye kampaundi. Ya kaboni ikunje kidogo kila kabla ya kurusha na usikilize, ukisikia mlio itupe, kwasababu ikipasuka wakati wa kuachia inaingia mkononi. Na kamwe usiachie upote, yani uzi wa upinde, bila mshale, kijana wa jirani alifanya hivyo mara moja tu kwenye upinde wa rafiki yangu, kebo ikaruka na mkono mmoja ukapasuka.

Hali ya hewa yetu nayo ina mambo yake. Joto la mwezi wa kumi ukiacha upinde kwenye gari limefungwa vioo unaua uzi na unalegeza mikono. Upote upake nta kila wiki mbili, na najua huku nta ya nyuki sio shida, ila ikiwa tupu inanata na kubeba vumbi mpaka kwenye kapi, nunua kijiti cha nta ya upote.

Kuhusu kuwinda niseme wazi. Leseni ni lazima, upinde haukuvushi hapo, bila leseni ni ujangili kama ujangili mwingine, na mshale wa sumu haukubaliki. Pori la akiba ukikutwa na upinde na mshale tu mkononi bila kibali tayari ni kosa, na Ugalla toka 2019 ni hifadhi ya taifa, hakuna kuwinda kabisa. Nenda ofisi ya TAWA (mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori) au afisa wanyamapori wa wilaya uulize kabla hujaagiza, na uliza pia habari ya kuingiza upinde nchini kabla hujatuma hela.

Ambaye anataka shabaha tu anatosheka na paundi 40, hata mashindano ya dunia ya kampaundi mwisho ni paundi 60, wanarusha mita 50, na Los Angeles 2028 kampaundi inaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Nyumbani jaza gunia viroba na vitambaa vya mitumba, shindilia kweli, liweke mbele ya ukingo wa udongo laini ambapo hakuna njia ya watu nyuma. Kichuguu hapana, kinavunja mishale. Upinde ukifika ushushe uzito mpaka mwisho kufuata idadi ya mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu chake, kagua kebo zote ziko kwenye mifereji ya kapi, alafu mshale wa kwanza rusha ukiwa mita tano toka kwenye gunia.