IFAC au CSS ya IEEE, ujiunge wapi?

Huu ubishi wa watu wa mifumo ya udhibiti (kufanya mashine zijiongoze zenyewe) hauishagi: IFAC, shirikisho la kimataifa la udhibiti wa kiotomatiki, au CSS, chama cha mifumo ya udhibiti ndani ya IEEE, taasisi ya wahandisi wa umeme na elektroniki? Kwa hela, CSS unalipa ada kila mwaka, ya IEEE kwanza halafu ya CSS juu yake, wanafunzi wanapunguziwa. IFAC wanachama wake ni mashirika ya nchi, ila mtu binafsi anajisajili kama mshirika bure kabisa, hapo imeshinda mapema.

Mikutano sasa. CDC, mkutano mkuu wa CSS, ipo kila mwaka, kwa kawaida Disemba, wakati kongamano kuu la IFAC ni kila baada ya miaka 3 tangu lile la Moscow 1960, yaani ukikosa dedilaini utasubiri mpaka uchoke, japo katikati kuna vikao vidogo vya mada maalum. Lakini pepa za IFAC anasoma yeyote bure, za CDC nyingi zimefungiwa kwa malipo.

Majarida ngoma droo, Transactions on Automatic Control ya IEEE na Automatica ya IFAC zote zinakataa watu vibaya mno, na kutuma hauhitaji uanachama.

Unasaka posti-doki (kazi ya utafiti baada ya PhD) na majina makubwa? CSS ndiyo itakufaa. Uko kiwandani unahangaika na PID (kidhibiti cha kawaida cha viwandani) ya boila inayoyumba, anza na IFAC, jarida lao la Control Engineering Practice linakuhusu zaidi.