Daibutsu wa Kamakura: Lipa Yen 50 Uingie Tumboni

Watu wengi wanaokwenda kuona Daibutsu, ile sanamu kubwa ya Buddha kule Kamakura, Japani, hupiga picha kwa mbele, huizunguka mara moja, hao wanarudi kituo cha treni. Nawasikitikia kwa dhati. Kilichonigusa mimi kuliko vyote kimo ndani ya sanamu yenyewe, na kuingia humo nililipa yen 50 tu, juu ya yen 300 za getini.

Kufika si kazi. Kutoka Tokyo treni inachukua kama saa moja hadi Kamakura, hapo unabadili na kupanda kitreni cha Enoden hadi Hase, kisha unatembea kama dakika 10 hadi hekalu la Kotoku-in.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba huyu si Siddhartha Gautama, mwalimu aliyeishi India. Huyu ni Amida, Buddha wa nuru isiyo na mwisho. Waumini wa njia ya Ardhi Safi wanaamini kwamba ameahidi kumpokea katika Ardhi hiyo, pepo yake ya upande wa magharibi, kila anayeliita jina lake kwa moyo. Mafundisho hayo yalienezwa Japani karne ya 12 na 13 na Honen, na baada yake mwanafunzi wake Shinran, wakati nchi imechoshwa na vita na njaa. Mkulima asiyejua kusoma naye akapata mlango wa wokovu. Bila kulijua hilo, utaona shaba tu.

Ndiyo maana historia ya kujengwa kwake inanivutia. Buddha mkubwa wa mji wa Nara, aliyezinduliwa mwaka 752, alijengwa kwa amri ya mfalme Shomu na nguvu za serikali. Huyu wa Kamakura anahusishwa na mtawa mmoja, Joko, aliyekwenda huku na huku akichangisha sadaka za watu. Ya kwanza ilikuwa ya mbao, ikakamilika mwaka 1243. Hii ya shaba nyeusi, yaani bronzi, ilianza mwaka 1252. Ina kimo cha mita 11.3 bila kitako, yaani jukwaa inalokalia, na uzito wa tani 121. Vipimo vimeonyesha kwamba shaba yake ina madini mengi ya risasi, na mchanganyiko wake unakaribiana na ule wa sarafu za China za enzi ya Song, kwa hiyo wataalamu wanaona kuna uwezekano mkubwa kwamba sarafu hizo ziliyeyushwa ili kuijenga. Sarafu za enzi hiyohiyo zimefukuliwa Kajengwa, kusini mwa Unguja! Nilipolikumbuka hilo nikiwa nimesimama pale, bahari ilionekana fupi.

Sasa simama mbele yake, hatua chache tu, usirudi nyuma sana. Kichwa ni kikubwa kuliko kinavyostahili mwili, na mgongo umeinama kidogo. Mafundi walifanya hivyo kwa kukusudia, ili anayetazama kutoka chini aone uso ukimtazama yeye. Mikono imepumzika mapajani, vidole gumba vikigusana na vya shahada: ni ishara ya Amida anayempokea mtu katika daraja ya juu kabisa ya Ardhi Safi. Masikio marefu, ya kawaida katika sanamu za kila Buddha, hukumbusha ufalme ulioachwa, maana Siddhartha alikuwa mwana wa mfalme aliyevaa hereni nzito. Nundu ya kichwani ni hekima, na kile kidoto cha katikati ya paji la uso ni unywele mweupe uliojikunja, unaotoa nuru. Tafuta pia mabaki ya dhahabu shavuni, kwa sababu zamani aling'aa.

Alikuwa pia ndani ya jumba. Dhoruba ziliharibu jengo hilo mwaka 1334 na tena 1369, likaja tetemeko la mwaka 1498, na tangu hapo halikujengwa tena. Mawe ya msingi wa nguzo bado yapo uwanjani. Wageni wengi huyakalia bila kujua ni nini. Kwa hiyo ile picha ya Buddha aliyetulia chini ya mbingu, ambayo dunia nzima inaipenda, haikupangwa na mtu. Kwangu ndiyo inayomfaa zaidi kuliko dari lolote.

Haya, tuingie. Mlango ni mdogo, ngazi ni nyembamba, na siku ya jua kali ndani kuna joto la tanuri. Subiri macho yazoee giza. Ukutani utaona mistari inayolala na inayosimama, mraba juu ya mraba: ndiyo maungio ya tabaka, maana mwili ulisubiwa kwa awamu kutoka chini kwenda juu, na shaba ya awamu mpya ikamiminwa ishikamane na ile ya chini. Maungio hayo hayafanani, kwa kuwa mafundi walibadili mbinu kadiri ya mahali. Ukiinua macho unaona uwazi wa kichwa, na shingoni kuna tabaka la plastiki yenye nyuzi lililowekwa katika ukarabati wa 1960 hadi 1961. Ukarabati huohuo uliweka bamba la chuma kisichopata kutu chini ya sanamu, ili ardhi ikitikisika iweze kuteleza badala ya kuvunjika. Walikuwa wamejifunza kutokana na tetemeko la 1923, lililobomoa kitako na kuisogeza sanamu. Nilikaa humo hadi kundi lililoingia nami likatoka lote. Nje unaona utulivu, ndani unaona jasho la watu.

Usipite bila kutazama makubazi makubwa ya mabua ya mpunga yaliyotundikwa ukutani. Yana urefu wa mita 1.8. Watoto wa mkoa wa Ibaraki walianza kuyatoa mwaka 1951, baada ya vita, wakitaka Daibutsu ayavae atembee Japani nzima akiwapelekea watu furaha.

Ndugu zangu wa msikitini waliniuliza kama kwenda pale si kuabudu sanamu. Nililipa, nikatazama, nikasoma. Hakuna aliyenitaka niiname wala nichome udi. Waliokuja kusali walisali, tukapishana kwa adabu.

Malalamiko yangu ni mawili. Mabango ya maelezo ni mafupi mno kwa mahali penye mambo mengi hivi, basi soma kabla ya kwenda. Pili, mwishoni mwa wiki msongamano ni mkubwa. Asubuhi mapema ya siku ya kazi ndiyo nzuri. Mlango wa tumboni hufungwa saa 10:30 jioni, mapema kuliko geti kuu. Ukiwa na mzee au mtu mwenye matatizo ya magoti, zile ngazi zitamtesa. Mwache apumzike bustanini nyuma ya sanamu, anakoweza kuyaona yale madirisha mawili ya mgongoni yakiwa wazi.