Kamusi ya Oxford ya wanafunzi mbele ya kitenzi 'run'

Ukitaka kuijua kamusi ya Kiingereza kabla ya kuilipia, ifungue penye 'run'. Wahariri wa kamusi kuu ya Oxford, ile ya mabuku mengi, walipokipitia upya kitenzi hiki walikihesabia maana 645, hesabu iliyotangazwa mwaka 2011. Mwalimu, mfasiri au mtahiniwa wa karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, hahitaji hata nusu ya hizo. Anachohitaji ni kuifikia upesi ile moja iliyomkwamisha. Tumeipima Oxford Advanced Learner's Dictionary, toleo la 10 la mwaka 2020, kwa kigezo hicho.

Kamusi hii haikutungwa kwa ajili ya Waingereza. A. S. Hornby na wenzake waliiandaa wakifundisha Japani, ikachapishwa Tokyo mwaka 1942, na Oxford wakaitoa upya mwaka 1948. Ndiyo maana inajibu swali ambalo Mwingereza haulizi: je, kitenzi hiki kinabeba yambwa, yaani mtu au kitu kinachotendwa, au hakibebi?

Jibu liko kwenye herufi ndogo ndani ya mabano, I (hakibebi) au T (kinabeba), inayofuata namba ya maana. Wengi huiruka, na hapo ndipo makosa huanzia. Penye I, maji hutiririka, pua hutoka makamasi, basi hufanya safari zake, na leso mpya huchuja rangi kwenye beseni. Penye T, mtu huendesha duka, hujaza maji ya kuoga, na gazeti huchapisha habari. Ukiandika 'She runs in Gikomba' umesema anakimbia mbio katika soko hilo la Nairobi. Ongeza yambwa, 'She runs a stall in Gikomba', na sasa ana kibanda.

Sehemu tunayoipenda zaidi ni ile iliyowekewa alama PHR V (phrasal verbs, kitenzi kikiungana na neno kama 'off' au 'into'), mwishoni mwa maelezo ya kitenzi. Humo utaona mshale wenye ncha mbili. Mshale ukiwapo, yambwa inaweza kukaa pande zote: 'run off the notes' au 'run the notes off', yaani kutoa kopi za notisi za darasani. Ila yambwa ikiwa kiwakilishi lazima ikae katikati: 'run them off', kamwe si 'run off them'. Mshale usipokuwapo, usihamishe kitu. 'Run into', kukutana na mtu bila kutarajia, haukubali kutenganishwa. 'Run out' nao una mtego wake: kredo ikiisha ni 'my airtime has run out', lakini mwenye simu akiwa ndiye kiima ni lazima uongeze 'of', 'I have run out of airtime'. Kiswahili kina tofauti iyo hiyo, imeisha na nimeishiwa, kwa hiyo mfundishe mwanafunzi kwa kuanzia hapo.

Kasoro iko kwenye nahau. Ukitafuta 'run riot', kufanya fujo bila kizuizi, penye 'run' hutaikuta. Unaelekezwa uende penye 'riot'. Wahariri wana sababu, maana vitenzi vya aina hii vingebeba kurasa nzima za nahau, lakini mwanafunzi asiyejua kanuni hiyo hufunga kitabu akiamini neno halimo. Na usiufuate usemi wetu wa 'running stomach' ukidhani ni wa Uingereza; wao husema 'the runs'. (Ajabu ni kwamba Kiswahili kimepita njia hiyo hiyo: tumbo huendesha, na duka huendeshwa.)

Haina Kiswahili hata chembe, basi iweke pamoja na kamusi ya lugha mbili. Ile ya lugha mbili peke yake haitoshi: ikikupangia kimbia, endesha na tiririka mstari mmoja bila mifano, unabaki kubahatisha. Mgeni anayejifunza 'piga' anayajua mateso hayo, kuanzia simu na pasi hadi kura na mbizi. Kwa programu za kutafsiri za simu, andika sentensi nzima. Neno moja huenda likakurudishia 'kimbia' tu.

Nakala mpya si rahisi mfukoni. Kwenye vitabu vilivyotandazwa kando ya barabara katikati ya jiji, kagua mambo matatu: namba ya toleo kwenye jalada, kurasa za R zote zipo, na wino. Nakala ya bandia hujitoa kwa mshale uliofifia na herufi I na T zisizosomeka, na bila hizo umenunua karatasi. Msimbo wa kufungulia huduma za intaneti uhesabu umeshatumika. Toleo la 8 la mwaka 2010 likiwa safi, lichukue bila wasiwasi. Kwa 'run' linatosha, utakachokosa ni maneno mapya.