Siku mbili kwenye mkutano wa kikanda wa utafiti wa macho: uzoefu wangu

Nilijisajili kwa kusitasita. Nilishawahi kwenda kwenye mkutano mmoja mkubwa wa utafiti wa macho, ule wa maelfu ya watu na vikao kumi vinavyoenda kwa wakati mmoja, nikarudi na mfuko wa vipeperushi bila kuzungumza na mtu hata mmoja kuhusu kazi yangu. Huu ulikuwa wa kikanda: washiriki hawakufika mia mbili, siku mbili, ukumbi mmoja na vyumba viwili vya pembeni. Kabla ya kulipa ada nilitafuta maoni ya waliowahi kuhudhuria mkutano wa aina hii, sikupata. Ndiyo sababu naandika haya, kwa ajili ya mwenzangu anayejiuliza kama atume muhtasari wa utafiti wake au aache.

Usajili haukunisumbua. Muhtasari ulisomwa na wapitiaji wawili. Mmoja aliandika mstari mmoja tu wa pongezi, wa pili alinibana kuhusu takwimu hadi nikakaa usiku mzima nikizirudia. Namshukuru huyo wa pili.

Kikao cha kwanza kilihusu glakoma, ugonjwa unaoua neva ya jicho, na kwangu ndicho kilichokuwa bora kuliko vyote vya ukumbini. Msemaji hakuanza na majedwali. Alituonyesha kichwa cha neva ya jicho, akaeleza kwamba neva hiyo moja hubeba nyuzi zaidi ya milioni, na uzi uliokufa haurudi. Kisha akatuuliza: mgonjwa anakosaje kugundua hasara kubwa namna hiyo? Akajibu kwa mfano wa macho mawili. Pale jicho moja linapopoteza eneo, la pili hulifunika, na ubongo hujaza pengo, kwa hiyo mtu haoni doa jeusi, anaona dunia iliyo kamili. Mpaka siku anapoanza kujikwaa. Kinachojulikana hadi sasa kuzuia hasara hiyo ni kushusha presha ya ndani ya jicho, kwa matone, leza au upasuaji, na hakuna kati ya hivyo kinachorudisha kilichokwisha kupotea. Mimi nimesoma haya darasani miaka kadhaa, lakini sikuwahi kuyasikia yakipangwa hivyo, hatua kwa hatua, mpaka ukaelewa kwa nini watafiti wengi wa glakoma wanashughulika na kugundua mapema.

Aliunganisha pia na mashine ya OCT, ile inayopima tabaka za retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa kutumia mwanga pia. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, na leo ni vigumu kupata utafiti wa retina usioitumia. Alituonya tusiiamini kupita kiasi: rangi nyekundu kwenye ripoti ya mashine maana yake ni kwamba mtu huyo hafanani na watu waliowekwa kwenye hifadhidata ya mashine. Haimaanishi kwamba anaumwa. Mwenye myopia kali, yaani asiyeona vizuri vya mbali, huonekana mwekundu mara nyingi, na neva yake ni nzima.

Vikao vingine nitavipitia haraka. Cha myopia kwa watoto kilikuwa na mjadala mzuri kuhusu muda wa kucheza nje na matone ya atropini ya kiwango kidogo, yanayotumika kupunguza kasi ya myopia. Cha tiba ya jeni kilirudia historia ambayo wengi tunaijua, dawa ya RPE65, jeni ambayo ikiwa na kasoro huharibu retina, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, bila kutuambia mengi mapya. Cha mtoto wa jicho sikukihudhuria chote kwa sababu ratiba ilikuwa imechelewa karibu saa nzima na nilihitaji kubandika bango la utafiti wangu.

Na hapo niseme lililoniuma. Jirani yangu ukumbini siku ya kwanza alikuwa mshiriki mwenye uoni hafifu, aliyealikwa kueleza maisha yake na ugonjwa wa kurithi wa retina. Alikuja na darubini ndogo ya mkononi. Slaidi baada ya slaidi zilikuwa na maandishi madogo, kijivu juu ya bluu, grafu za nyekundu na kijani, na wasemaji wakisema "kama mnavyoona hapa" bila kutaja kilichopo hapo. Alijaribu kufuata kwa dakika ishirini, kisha akaiweka darubini mfukoni na kuinamisha kichwa, akisikiliza tu. Nakala za slaidi hazikutumwa kabla. Muda wake wa kuzungumza, uliopangwa kuwa dakika kumi na tano, ulikatwa ukawa saba ili kufidia ucheleweshaji. Watu tuliokusanyika kwa ajili ya macho tulipaswa kuwa wa kwanza kulifikiria hili. Niliandika hivyo kwenye fomu ya tathmini, na nitaandika tena mwakani kama halijarekebishwa.

Sasa mabango. Nilikuwa nalinganisha usomaji wa programu ya kompyuta na ule wa wasomaji waliofunzwa, kwenye picha za retina za watu wenye kisukari, zilizopigwa bila dawa ya kutanua mboni. Matokeo yalikuwa mazuri na nilikuwa nimeyaweka katikati kwa herufi kubwa. Akaja mama mmoja wa makamo, kitambulisho chake kimegeukia nyuma kwa hiyo sikujua ni nani. Matokeo hakuyatazama. Aliinama mpaka kona ya chini, akaweka kidole kwenye sentensi niliyoiandika kwa herufi ndogo kuliko zote: picha zisizosomeka ziliondolewa kwenye uchambuzi.

"Hizi ulizoziondoa, mwanangu, ni za akina nani?"

Nikamjibu kwamba zilikuwa na ukungu.

"Sijauliza zina nini. Nimeuliza ni za akina nani."

Nilinyamaza. Akaomba kalamu, akageuza ratiba yake upande wa nyuma na kuchora jicho. Mboni ndogo, inayopatikana zaidi kwa wazee na kwa waliokaa na kisukari muda mrefu. Lenzi yenye mtoto wa jicho. Damu iliyovuja mbele ya retina. Kila kimoja alikipitishia mshale na kuandika "ukungu". Hapo nikaelewa kabla hajamaliza: nilichoondoa si picha mbaya, nilikuwa nimewaondoa wagonjwa walio hatarini zaidi, na programu yangu ikaonekana hodari kwa sababu imebakiziwa macho mepesi. Akaniambia kwamba katika uchunguzi halisi mtu ambaye picha yake haisomeki hupewa rufaa, hafutwi.

Tulikuwa bado tunazungumza alipojiunga fundi wa kupiga picha za macho, kijana aliyekuwa akipita tu. Akaniuliza tunaanza na jicho gani. La kulia, nikasema, kisha la kushoto. Mnasubiri muda gani katikati? Hatusubiri. Akatabasamu kwa upole. Fleshi ya jicho moja hubana mboni zote mbili, akasema. Usipompa mtu dakika kadhaa gizani, jicho la pili unalipiga picha mlango ukiwa umefungwa.

Nilisimama pale na watu hawa wawili kwa zaidi ya nusu saa. Kwenye mkutano ule mkubwa, bango langu lingekuwa miongoni mwa mamia, na mtu anayejua kuuliza swali kama lile angekuwa amezungukwa na foleni ya watu. Hapa alikuwa na muda, na mimi nilikuwa na kalamu. Ratiba yake yenye mchoro alinipa, ipo ukutani kwangu.

Kama unatafuta matokeo mapya kabisa yanayotangazwa kwa mara ya kwanza, mkutano wa kikanda hautakutosheleza. Kama una data ambazo bado hazijachapishwa na unataka zikaguliwe na watu watakaokuambia ukweli ana kwa ana, nenda, na peleka bango badala ya wasilisho la mdomo. Wasilisho la mdomo lilipewa dakika nane na maswali mawili. Bango lilipewa mchana mzima. Kaa karibu nalo hata wakati wa mapumziko, maana wenye maswali mazito hawaji kwa kengele. Na andika kwa herufi kubwa kile ulichokiacha nje.

Jumatatu niliporudi kazini nilifungua folda ya picha zilizoondolewa, ambayo sikuwa nimeigusa tangu niipe jina. Nikaanza kuzipitia moja moja, nikisoma lebo tu kabla ya kutazama picha. Kushoto. Kushoto. Kulia. Kushoto. Kushoto. Kushoto.